Akina Saidi Hamisi wa Rasbura

Jamani, hili nililificha hata kwa mke wangu mpaka tulipopata mtoto, maana ni aibu mtu kujiita fundi wa kompyuta halafu umgeuze mzee wa watu kuwa mtoto anayenyonya, tena mbele ya wagonjwa wenzake.

Miaka ile zahanati za binafsi ndiyo zimeanza kufunguliwa Lindi, na Dokta mmoja wa mtaa wa Rasbura akaniita nihamishe kumbukumbu za wagonjwa wake kutoka hifadhidata ya zamani kwenda mpya. Hiyo mpya ilitaka kila mgonjwa awe na utambulisho wake peke yake. Namba za kadi zilikuwa vurugu tupu, nami (uvivu, niseme nini) nikaona ya nini kuhangaika kugawa namba upya, jina la mtu na la baba yake yanatosha, na yakifanana basi ni mtu yule yule kaandikwa mara mbili, ibaki kumbukumbu ya karibuni, nyingine itupwe. Mimi Hamisi, mzaliwa wa Kitomanga, niliyerithi jina la babu yangu, nikasahau kwamba kwetu mtu humpa mwanawe jina la baba yake, kwa hiyo babu ni Saidi Hamisi, mwanawe Hamisi Saidi, na mjukuu anarudi kuwa Saidi Hamisi.

Asubuhi ya kuanza nimevaa tai (ya kuazima), mabenchi yamejaa, akaingia Mzee Saidi Hamisi anakohoa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, Dokta akauliza kama kuna dawa inayomdhuru, nami nikasoma kwa sauti ili watu wayaone maendeleo: "Hakuna, Dokta. Uzito unaongezeka vizuri, na bado ananyonya."

Walicheka mpaka wenye homa. Mimi nilimwona nesi na sindano ya penisilini mkononi.

"Huyo mjukuu wangu, baba," mzee akasema. "Mimi sindano hiyo nusura initoe roho."

Dokta akanigeukia. "Na wengine umewatupa wangapi?"

Hapo nikakumbuka kompyuta ya zamani: nilitakiwa kuifuta jana yake, lakini umeme ulikatika kutwa nzima nikabaki kuutukana. Nikaiwasha, wote wamo. Hata hivyo Dokta alikuwa keshanionyesha mlango.

"Muache arekebishe," mzee akamwambia. "Nani mwingine amewahi kunirudisha utotoni?"

Akachomwa dawa nyingine, kisha badala ya kwenda kulala akakaa kando yangu mpaka jioni, anakohoa na kunieleza yupi babu na yupi mjukuu, nami nampa kila mmoja namba.

Jina la mtu silifanyi utambulisho tena maishani. Umeme ule naushukuru mpaka leo, na mzee yule sikujua nimshukuru vipi, mpaka mke wangu alipojifungua wa kiume akashangaa kwa nini namwita Saidi badala ya jina la baba yangu. Ndipo nikamsimulia. Sasa zahanati ile ina Saidi Hamisi watatu, na wa tatu namba yake niliiandika mwenyewe.