Chuma Tulichofungia Kamba

Nyumba kumi na nne za mstari wetu kule Gudele, mtaa wa Juba, zilibomolewa na watu walewale waliozijenga. Hatukufukuzwa na askari. Hapakuwa na mafuriko wala moto. Ugomvi ulianza mwishoni mwa mvua za mwaka mmoja; za mwaka uliofuata zilipoanza, kila familia ilikuwa imeng'oa mabati yake, imeyafunga kwa waya na kuondoka, na pale tulipoishi pakabaki kuta za udongo zilizokuwa zikiyeyuka polepole. Watu wazima walisema ni kazi ya Abu Dul. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilijua jambo ambalo wao hawakulijua.

Bado naishi Juba, na mji huu hauishi kupimwa. Kila nikipita mahali nikasikia nyundo ikigonga nondo, ule mlio mkavu wa chuma kikizama ardhini, husimama kuhesabu mapigo. Ndivyo viwanja vyetu vilivyogawanywa: nondo fupi iliyopakwa rangi nyekundu kichwani, moja kila pembe. Hatukuwa na ukuta. Ukitaka kujua kwako kunaishia wapi, unatafuta ile rangi nyekundu kwenye nyasi.

Tulikuwa tumerudi kutoka Kenya, mimi na Mama, tukiwa na lugha ya Nairobi na godoro moja. Haboba, ndivyo tulivyomwita nyanya yangu, hakuwahi kuondoka; alibaki miaka yote ya vita na akatupokea. Upande wa kushoto aliishi Baba Wani, fundi wa kuunganisha vyuma, ambaye naye hakuondoka na hakutuacha tusahau hilo. Upande wa kulia alipanga Mama Sharon, Mganda aliyepika chapati. Aliamka kabla ya kila mtu kukanda unga, kwa hiyo asubuhi zetu zilianza na harufu ya mafuta ya moto na sauti yake akimkaripia mwanawe: "Sharon! Wewe nalala kama mkubwa wa serikali?"

Sharon alikuwa rafiki yangu pekee. Tulikuwa na kamba nzuri ya katani, na shida ya watoto wawili wenye kamba ni kwamba mmoja anaruka, mmoja anazungusha, na upande wa pili hauna mtu. Siku moja, mwishoni mwa mvua, tuliing'oa nondo iliyokuwa kati ya kwetu na kwa Baba Wani. Ardhi ilikuwa tope, ikatoka kama kijiko kwenye uji. Tukaichomeka penye kivuli, tukafunga kamba, tukaruka mpaka miguu ikawa mizito. Kisha mvua ikatufukuza. Tuliporudi, shimo la zamani lilikuwa limejaa maji na kufutika. Tukabishana kidogo, tukaichomeka tulipodhani ndipo. Tulikosea hatua mbili, kuingia kwa Baba Wani.

Baba Wani aliona siku ya tatu. Alikuja na futi yake ya chuma, akapima, akapima tena, kisha akamwita Mama kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Nyinyi mlioletwa na lori kutoka Kenya, mnafikiri ardhi ni chapati? Unaivuta tu inakua?"

"Na wewe uliyebaki," Mama akajibu, mikono kiunoni, "ulibaki kuilinda au kuikata vipande?"

Watu wakacheka, na kicheko ndicho kilichoharibu zaidi, maana Baba Wani alishika panga. Haboba ndiye aliyetoka na kusimama katikati yao. Akaitazama nondo, akasema jina ambalo sikuwahi kulisikia. Abu Dul. Mwenye kivuli.

Jioni hiyo alitueleza, watoto kwa wakubwa. Abu Dul ni mzee kuliko mto. Hana mwili, ana kivuli tu. Haui mtu na haibi. Akifika mahali huchukua kitu kimoja kidogo, hukisogeza, kisha hukaa kando kutazama. Katika kijiji alichozaliwa Haboba alisogeza jiwe moja la kisimani, kwa upana wa kiganja, na kabla ya mavuno watu walikuwa wamechomeana maghala. "Yeye huanza tu," Haboba alisema. "Kumaliza anawaachia watu."

Niliona mabega ya Mama yakishuka. Baba Wani aliweka panga chini, akasema khalas, kama ni huyo, basi. Wakairudisha nondo pamoja, yeye akigonga na Mama akishika futi. Nami nikakaa kimya. Kama kosa langu lilikuwa limebebwa na kiumbe mzee kuliko mto, ya nini nijitokeze kulidai?

Wiki iliyofuata nondo ya mwisho wa mstari ilikutwa imesogea. Sisi hatukuigusa. Halafu ya katikati. Halafu mbili kwa mkupuo. Kila ilipogunduliwa moja palikuwa na kelele na kupima upya, na kila aliyepima alikuta amepunjwa. Wanawake waliokuwa wakisukana nywele wakaacha. Watu wakajenga uzio wa matete, majirani wakaukata. Nilikuwa na daftari la shule. Nikachora mstari wetu na kuweka alama kwa kila chuma kilichosogea, nikiwa na hakika nitaona mpangilio. Sikuona.

Kiangazi kilipokaza, watu walichoka kumlaumu asiye na mwili. Wakaanza kuuliza nani anamfungulia mlango. Nani huwa nje kabla hakujapambazuka? Nani si wa hapa? Majibu yote mawili yalikuwa jirani yetu wa kulia. Walimwambia aondoke kabla ya Jumapili.

"Mimi iko hapa miaka tatu," Mama Sharon aliwaambia, mikono ikiwa na unga mpaka viwiko. "Watoto yenu nakula mkono yangu kila siku. Shamba ya nani mimi nabeba? Naweka wapi, kwa karai?"

Hakuna aliyecheka. Hakuwa na ndugu Juba, na chumba chake ndicho kilichokuwa pia mahali pake pa kazi. Sharon alinivuta nyuma ya choo. Hakulia. Alisema, "Sema wewe. Mimi nikisema watasema ni mamangu amenituma. Wewe ni wa hapa."

Jumamosi walipokutana mbele ya karakana ya Baba Wani, nikasimama na kusema. Nilisema kila kitu: kamba, tope, kivuli, hatua mbili. Niliionyesha nondo kwa kidole. Mama alifunika uso kwa kitenge. Kwa muda nilisikia tu karai la Mama Sharon likipoa, mafuta yakitoa vile vilio vidogo vya mwisho, na nikaamini nimefaulu.

Baba Wani hakukasirika. Alichuchumaa mbele yangu, akaniuliza kwa upole, "Uliing'oa kwa mikono hii?"

"Ndiyo, Uncle."

"Haya. Ing'oe tena."

Nikaishika. Msomaji, ardhi ya Gudele wakati wa kiangazi ni tofali. Nilivuta mpaka viganja vikachubuka, nikaegemea kwa kisigino, nikavuta tena huku nikiwaambia wakati ule kulikuwa na mvua. Chuma hakikutikisika hata kidogo. Nyuma yangu mwanamke mmoja akaanza kuomba kwa jina la Yesu.

"Mmeona," Baba Wani alisema, akiinuka. "Mtoto anasema maneno ambayo si yake."

"Amelishwa," mwingine akaongeza. "Kila asubuhi chapati ya yule mwanamke."

Basi ushahidi nilioutoa kumwokoa ndio uliommaliza. Nilimtazama Haboba, nikisubiri aseme neno moja. Alikuwa akiiangalia ardhi. Hawakungoja Jumapili. Pikipiki moja ilipakia karai, gunia la unga, Mama Sharon na Sharon, ikaelekea upande wa daraja la Nile, njia ya Uganda. Sharon aliniangalia mpaka wakakata kona, na sijui hata leo mtazamo ule ulikuwa wa nini.

Nondo hazikuacha kusogea. Watu wawili walikatwa mapanga, mmoja akapoteza mkono, na hapo ndipo mabati ya kwanza yalipoanza kushushwa. Sisi tuliishia Mangateen, mtaa mwingine wa Juba, katika chumba cha kupanga kisicho na mpaka wa kugombania.

Nilipokuwa mkubwa nilifanya nilichopaswa kufanya na daftari lile. Niliwatafuta majirani wa zamani, mmoja mmoja, nikauliza. Baba Wani, mzee sasa na macho yameharibiwa na cheche, alikubali kwamba alisogeza moja: alikuwa na hakika Mama alimpunja siku ile ya kurudisha. Wengine wanne walikubali moja moja, kila mtu akieleza kwamba alikuwa anachukua tu kilicho chake. Mama aliniambia mwaka jana, akichambua khudra, ule mlenda wa huku, bila kuinua kichwa. Na yeye moja. Niliposimama kwenye ule mkutano alijua ni mikono ya watu, na akajifunika kitenge.

Haboba alikuwa amefariki, kwa hiyo sikuweza kumuuliza kama alitazama ardhi kwa sababu hakuniamini, au kwa sababu aliniamini na akaona tumeshafika pale kilipofika kijiji chake. Zamani nilidhani hadithi yake ilikuwa kosa kwa kuwa aliyeanza ni mimi na kamba. Sasa nadhani alitueleza kwa usahihi, nasi tukasikiliza nusu ya kwanza tu.

Nimemtafuta Mama Sharon pia. Huko Gumbo, kwenye barabara ya Nimule, muuza chai mmoja anaapa aliwaona wakipanda lori la kurudi Uganda, mama mbele na msichana nyuma juu ya magunia. Dada ya Mama Sharon, niliyempata upande wa pili wa mpaka, anasema hawakufika.