Siku Abti Alipokubali kwa Kompyuta

Jamani, leo nimemwozesha binamu yangu kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Mwalimu Juma wa Mombasa anamtaka Halima. Baba mtu ameridhia. Amebaki Abti, mjomba wetu mwenye hekima zote, ambaye anaishi Kanada.

Basi mimi, bingwa wa kompyuta wa Garissa nzima, nikamuunganisha kwa simu ya intaneti ofisini kwangu, ukoo mzima ukisikiliza.

Sauti ikawa inakatika. Nikaibana iwe nyepesi kupita, kisha nikaweka laini ijizime mtu asipoongea. Werevu ulioje!

Juma akaposa kwa adabu. Halafu spika ikasema: "Mimi... kubali."

Vigelegele! Juma akalia.

Hapo nikakumbuka kwamba ile mipangilio humeza mwanzo wa neno. Nikaiondoa.

"Nimesema SIkubali!" Abti akanguruma kwa lafudhi yake ya Kisomali, sasa safi kama redio. "Mtu ya bwani hajui hata kukamua ngamia!"

Ofisi nzima ikanitazama mimi.

Mamake Halima, dada yake Abti, akainuka taratibu akachomoa waya ukutani.

"Mimi nimesikia kubali," akasema. "Wallahi, laini za Kenya mbaya sana. Leteni chai."

Sasa Abti ananiandikia barua pepe kwa herufi kubwa tupu. Nimjibu nini, wenzangu?