Moyo Uliokuwa Mzima

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, nikimpimia mteja maharage kibandani kwangu mtaa wa Msamala, moyo ulianza kwenda mbio bila sababu. Vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa fupi, nikawa na hakika kwamba nakufa. Nilikaa chini nyuma ya magunia. Baada ya muda yote yakaisha, nikabaki nimelowa jasho na aibu.

Nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye chama cha ushirika mwaka uliotangulia. Biashara binafsi ilikuwa imeruhusiwa kwa kila mtu, na kile kibanda ndicho kilicholisha watoto wangu. Hakukuwa na kingine.

Zahanati walinitibu malaria, kama walivyomtibu kila aliyeingia. Hali ikarudi. Nikaanza kuacha kwenda mahali: kwanza sokoni, kisha stendi, mwishowe hata kanisani, kwa kuogopa kuanguka mbele ya watu. Nilinunua kitabu kikuukuu cha afya, nikakisoma chote, nikajithibitishia ugonjwa wa moyo. Anayejisomea peke yake hana wa kumsahihisha.

Mke wangu alitaka twende hospitali, kwa wanaotibu magonjwa ya akili, maana alikwisha kuona kwamba kinachonitesa ni hofu. Kaka yangu mkubwa, aliyekuja kutoka kijijini kunijulia hali, alicheka.

"Shemeji, huko wanapelekwa waokota makopo. Unataka mumeo naye aanze kuokota?"

Ukoo ukakaa kikao. Kwetu mgonjwa huzungumziwa akiwa hapohapo, kama ng'ombe wa mahari. Wakakubaliana kwamba kibanda kimetegwa uchawi na wenye wivu, na kwamba mali iliyotegwa mwenyewe haigusi tena: iuzwe yote pamoja na kibanda, kwa bei yoyote, kabla ya mwezi kuandama. Nilikubali. Mwenye hofu hukubali lolote litakalomwondoa machoni pa watu. Mnunuzi aliletwa na kaka.

Kibanda kikaenda, hofu ikabaki. Ilinikuta nyumbani Mjimwema, mchana, nikiwa nimekaa tu. Siku hiyo mke wangu hakuomba ruhusa ya mtu. Alinishika mkono tukaenda hospitali. Daktari alisikiliza kifua, akasema moyo ni mzima. Muuguzi mmoja mtu mzima akavuta kiti.

"Baba, sokoni umeacha kwenda tangu lini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimweleza kuhusu soko, stendi na kanisa.

"Hofu kila mtu anayo," alisema. "Ila ikianza kukuchagulia pa kwenda na pa kutokwenda, usingoje ikuzidi. Ulipoliacha soko ndipo ulipotakiwa kuja kwetu."

Alinifundisha kupumua polepole, na kurudi nilikokimbia, kidogo kidogo. Nilihudhuria kwake miezi kadhaa. Haikuwa rahisi, na mapigo ya hofu hayakukoma yote, ila nilijua sasa kwamba hayaui.

Siku niliyofika sokoni kwa miguu yangu, nilipita Msamala. Kaka alikuwa ndani ya kibanda, akiuza. Yule mnunuzi alikuwa mtu wake. Nilimpa shikamoo, kwa kuwa ni mkubwa wangu.

"Marahaba, mdogo wangu. Umeona? Dawa ya ukoo haijawahi kushindwa."

Matibabu ya hospitali hayakunigharimu zaidi ya nauli. Tiba ya ukoo, ukitoa bei niliyolipwa kwenye thamani ya kibanda na mali iliyokuwamo, ilinigharimu shilingi laki mbili na elfu kumi na tano.