Koti la Kalathea

Mama aliyempangisha Kerubo chumba huko Selly Oak, ughaibuni, alikuwa na mmea mmoja sebuleni, kalathea, na nyumba nzima iliishi kwa amri ya mmea huo. Maji ya bomba uliyakataa, kwa hiyo mama aliukingia ya mvua uani, akayaweka jikoni mpaka yaishe ubaridi. Kila asubuhi alipangusa jani mojamoja kwa kitambaa laini, kiganja cha kushoto kikilibeba kwa chini kama kisogo cha mtoto mchanga. Vidole vile vilivyokolea manjano ya jikoni havikuwahi kuharakisha.

Februari ya sabini na mbili, umeme ulipokatwa kwa mgomo wa wachimba makaa, Kerubo alirudi kutoka wodi ya wazazi akamkuta mama anatetemeka kwa baridi ndani ya sari na sweta. Koti lake amekivisha chungu cha mmea. Jani jipya, lililojiviringa kama mkeka, lilikuwa linaanza kukunjuka. Kerubo akanyoosha kidole alifungue.

“Usivute!” mama akanong'ona. “Wewe mkunga, kwani watoto huwa unawavuta?”

Kerubo akarudisha mkono. Jani likaachia ncha, laini, mistari yake imekwisha kuchorwa kabla halijaona mwanga. Yeye aliyepokea watoto watatu tangu alfajiri akajikuta amebana pumzi. Kisha akavua koti lake, akamfunika mama mabegani. Mama akashukuru, akalivua, akalizungushia chungu.