Nyota Changa Zenye Mwendo wa Kizee

Nimechoka na habari za umri. Chuoni nakadiria umri wa nyota za neutroni zenye sumaku kali, zile zinazobaki nyota kubwa ikishalipuka. Zinazunguka, na mwendo wake unapungua polepole. Ukijua mwendo wa sasa na jinsi unavyopungua, unapiga hesabu, unapata miaka. Lakini hesabu hiyo hudanganya. Sumaku hufunga breki mapema mno, kisha yenyewe hufifia, na nyota changa ikaonekana kikongwe. Ndiyo maana tunatazama pia wingu la mabaki ya mlipuko, kwa kuwa limezaliwa siku moja na nyota.

Nyumbani, mtaa wa Carama, naishi na mama. Alivuka mpaka kutoka Congo bila hata karatasi moja, na akiulizwa umri husema hajui. Nyonga imemwisha, anatembea kwa kushika ukuta. Nilimpeleka hospitali apasuliwe nyonga; daktari alimtazama akiingia, basi, akaniambia kando, "Huyu amepita themanini. Tukimpasua hataamka."

"Mi niko muzee, mutoto wangu," mama akasema, kumbe amesikia. "Muniache."

Nilikasirika. Daktari amepima mwendo tu, hakuuliza breki zilifungwa na nini: vita, mizigo ya kichwani, watoto aliowazika.

Kesho yake nilikwenda Gatumba kwa mama mdogo anayeuza mawese mpakani. Si ndugu wa damu; yeye na mama walizaliwa wiki moja, na bibi yangu akawanyonyesha wote wawili. Nilimkuta na bidoni la mawese kichwani, shingo imenyooka. Nikamwomba aje hospitali.

"Huyu si mukubwa kwangu, dokta," akasema akisimama kando ya mama. "Tulizaliwa mwaka wa sitini, Congo ilipopata uhuru."

Daktari akawatazama kwa zamu, mmoja kwenye kiti, mwingine wima. Akachukua simu kuuliza nafasi ya upasuaji.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Ila kwenye teksi mama alitazama nje mpaka tulipokaribia nyumbani.

"Mi nilikuwa najua miaka yangu," akasema. "Nilitaka tu nipumuzike. Sasa umenirudishia hii miaka yote. Nani atanisaidia kuibeba?"

"Mi, mama."

Akanigeukia, akanitazama usoni kama anayenikadiria.

"Apana," akasema. "We umechoka kuliko mi."