Matumbo ya Mnyama wa Udongo

Nyaguthii alikuwa mfupi wa kimo, si wa maneno. Tangu usichana alichuma pareto katika mashamba ya wazungu, akamzaa mwanawe Gichuru huko, akafiwa na mume huko huko, na kila mahali alipolala palikuwa na mtu mwenye ruhusa ya kumwambia ahame. Uhuru ulipokuja alihamia Eldoret, akauza kabichi sokoni, akajiunga na kikundi cha kununua ardhi. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: mahali ambapo hapana wa kumfukuza.

Mwaka wa sitini na saba kikundi kilinunua shamba la mzungu aliyekuwa akirudi kwao, njia ya kwenda Moiben. Shamba lilikuwa zuri, ila katikati yake alilala mnyama. Tuta la kale la udongo lilizunguka likachora mnyama mzima: kichwa, mgongo, miguu minne, na mkia uliopinda. Alikuwa mkubwa hata mzungu alilisha kundi zima la ng'ombe katikati ya mbavu zake. Nani alimchimba, na kwa nini, hakuna aliyejua.

Wakamwuliza Mzee Kibet, jirani aliyezaliwa upande ule.

"Ni ng'ombe," akasema. "Ama pengine si ng'ombe. Baba yangu alikuta hiyo kitu, na baba yake pia alikuta. Sisi tunapita kando tu."

Siku ya kugawana viwanja, nambari zilitiwa ndani ya kofia. Nyaguthii akachota yake, mpimaji akaitazama ramani, akamwambia, "Mama, wewe umepata kichwa."

Kazi ikasimama. Mwenyekiti Ephantus, fundi cherehani aliyevaa koti hata jua likiwaka, akainuka kama aliyeumwa na siafu.

"Mwanamke kupewa kichwa? Tangu lini? Kichwa ni ya wazee!"

Wanaume wakaitikia kwa sauti moja. Kwao Wakikuyu mnyama akichinjwa kila kiungo kina mwenyewe, na haikumwingia mtu akilini kwamba huyu hakuchinjwa, wala hakuwa na nyama. Kura ikafutwa. Ikaamuliwa shamba likatwe upya, kiungo kwa kiungo: kichwa kwa mwenyekiti, mgongo kwa kamati, miguu kwa vijana. Watu wazima, wengine wao wazee wa kanisa, wakagombania paja la udongo nusura washikane mashati. Mpimaji naye, mtu wa watu aliyesomea kazi yake, akabaki akiuliza maini yako upande gani ili apigilie kigingi.

"Mama Gichuru atapata figo," Ephantus akasema kwa ukarimu. "Figo ni ya wanawake."

Figo yenyewe ilikuwa kinundu kisichotosha hata banda la kuku. Nyaguthii akikataa watamfuta kabisa, na chumba chake cha kukodi mjini kilikuwa kimekwisha kupewa mpangaji mwingine. Alitaka kulia, lakini akakumbuka kwamba mila nayo ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

"Mzee mwenyekiti," akasema, "figo ni ya wasichana. Mimi nimezaa. Gichuru wangu saa hii ako na ndevu. Kama ni mila, wacha tufuate yote. Mama mzazi hupewa nini?"

Wazee walikuwa wameapa kwa mila asubuhi nzima, na sasa hakuna aliyepata pa kutorokea.

"Matumbo," mmoja akanung'unika.

Mpimaji akavuta mnyororo wake wa kupimia kutoka miguu ya mbele kwenda ya nyuma, akavuta, akazidi kuvuta. Tumbo lilikuwa kubwa kuliko viungo vyote, udongo mweusi tititi, na maji hayakuwa mbali chini. Ephantus akavua koti.

"Ngoja kwanza! Hii mnyama ilikufa na njaa. Tumbo haiwezi kuwa kubwa hivyo!"

Mzee Kibet alicheka mpaka akaishikilia fimbo yake kwa mikono miwili. "Hapana, mwenyekiti. Ya huku hushiba."

Vigingi vikapigiliwa. Nyaguthii akaketi chini katikati ya tumbo, akalia bila haya, na hakutaka mtu amnyamazishe.

Alipovuna mahindi yake ya kwanza na kumaliza kuezeka nyumba, alichinja mbuzi akawaalika wote. Ephantus alifika amekonda kidogo, maana kichwa alichokipigania kilikuwa mawe matupu, hata maharagwe yalikataa kuota. Nyama ilipoiva alinyoosha mkono kuchukua kichwa cha mbuzi, kama ilivyo ada. Nyaguthii akalivuta sinia upande wake.

"Mzee mwenyekiti, wewe si ulishapewa kichwa?"

Akalivunja taya, akaanza kula mbele ya wazee wote, taratibu, akilamba vidole. Hakuna aliyemkemea, maana walikuwa wameketi kwenye shamba lake.