Kinanda wa Chumba cha Kufulia

Shangazi yangu alifua mashuka ya hospitali tangu sijazaliwa mpaka nikawa na watoto wangu mwenyewe, na nikikwambia alifurahia kazi ile usidhani natia chumvi. Wanaofurahia kufua mashuka ya wagonjwa ni wachache, nakubali. Mimi nilifanya naye kazi meza moja na sikuwa mmoja wao. Mimi nilifuata mshahara. Yeye alikuja kuabudu, na mshahara akaupokea kama nyongeza.

Chumba chetu kilikuwa chini kabisa ya jengo, madirisha yakitazama ua wa kuanikia. Mvuke, harufu ya sabuni na dawa, sakafu ya saruji isiyojua kukauka. Wodi ya wanaume ilikuwa juu yetu moja kwa moja. Mtu akikohoa huko juu, sisi huku chini tunasema pole.

Wote walimwita Kinanda, madaktari nao. Si kwamba alikuwa na sauti nzuri, hapana. Kanisani walimweka safu ya nyuma, karibu na mlango, na mwalimu wa kwaya alishamwomba kwa heshima zote apunguze. Kazini je, nani angempunguza? Asubuhi aliweka mikono miwili juu ya rundo la kwanza, akamwambia Mungu hii ndiyo sadaka yangu, ipokee na madoa yake, kisha akaanza. Nyimbo alizitunga papo hapo. Aliliimba doa la dawa lililokataa kutoka, mpaka likatoka, aleluya. Aliviimba vifungo vya foronya. Mara moja, baada ya juma zima la mvua, alilisifia jua mpaka mpishi wa hospitali akatoka jikoni na mwiko mkononi, akacheza uani, akasahau shughuli zake zote.

Sasa, shuka hukunjwa na watu wawili. Mmoja huku, mmoja kule, mnalivuta likanyooka, mnakutana katikati, mnapeana ncha, mnarudi. Sisi tulivuta kwenye pigo la wimbo na kukutana kwenye kiitikio. Nilipoanza kazi hakunifundisha kukunja. Alinifundisha kuitikia, mikono ikajifunza yenyewe.

"Mwanangu," aliniambia, "hili atalilalia mtu asiyeweza kusimama amsifu Mungu. Tumkunjie sifa zake humu ndani."

Nilicheka. Nikamwambia, shangazi, mgonjwa anachotaka ni shuka kavu. Akasema na ukavu atapata pia.

Siku hizi mashine hukunja yenyewe, inanguruma tu pale kwenye kona, na wasichana wamevaa vidude vya masikioni, kila mmoja na wimbo wake. Siwalaumu. Ila nikipita pale dirishani natamani hata yale makelele yetu.

Basi enzi zile zetu za kukunja kwa mkono, baba yangu akaugua mapafu. Baba alikuwa kaka yake mkubwa, walinyonya ziwa moja. Alilazwa wodi ile ile ya juu yetu, kitanda cha dirishani. Shangazi akawa kama amepewa kazi upya. Mashuka ya kitanda kile aliyafua kwa mkono, hakuyatia kwenye mashine ya kufulia, na madirisha aliyafungua yote ili wimbo upande juu vizuri.

Haikuchukua muda msimamizi wetu akashuka, mama wa watu, anaona haya hata kututazama. Alisema kuna mgonjwa amelalamika, kwa hiyo nyimbo zisimame mpaka atakapotuambia. Jina hakulitaja. Shangazi akaitika sawa, akafunga madirisha.

Tukanyamaza, na usiombe yakukute. Bila wimbo mikono ilisahau kila kitu. Mimi navuta, yeye anakuja. Yeye anavuta, mimi nimesimama kama mlingoti. Tuligongana vichwa. Mashuka yalitoka upogo, mengine yakaanguka kwenye maji tukayafua upya. Yote hayo yangechekesha, lakini shangazi alikuwa akinyauka mbele ya macho yangu. Mchana aliacha chakula nusu. Niliwahi kumkuta ameweka mikono juu ya rundo la asubuhi, hajui aseme nini.

Hasira zikanipanda. Nikajifunga kibwebwe, nikapanda wodini kumtafuta huyo mlalamishi nimpe vidonge vyake. Muuguzi aliniangalia kwa huruma, akaninyooshea kidevu kuelekea kitanda cha dirishani. Mlalamishi alikuwa baba yangu.

Nilishuka nikiwa nimeamua kunyamaza, lakini uso wangu haujawahi kuficha siri. Shangazi alinibana mpaka nikatapika yote. Alifuta mikono kwenye aproni, akapanda ngazi, mimi nyuma yake. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Kaka, nimekukosea nini?"

Baba alitafuta pumzi kwanza. "Mimi naumwa, wewe unaimba. Nalala hapa nakusikia unavyofurahi, naona kama mmeshanizika. Usiimbe nami naumwa."

Nilimsubiri shangazi amweleze kwamba nyimbo zile alimwimbia yeye. Hakueleza. Alimshika mguu juu ya shuka, akasema, "Haya, kaka. Maadamu unaumwa, sitaimba."

Kwenye ngazi nilimjia juu, mbona hakusema ukweli? Alinijibu kwamba mgonjwa habishaniwi, na mtu halazimishwi kupokea sadaka.

Ahadi akaitunza. Kila jioni baada ya kazi alikaa pale kitandani kimya, akimkanda miguu, na baba akawa hataki aondoke. Wimbo hakuuomba, wala shangazi hakuugusia. Sitasema hakuumia. Nilimwona akijiuma midomo tulipokutana katikati ya shuka, pale pa kiitikio.

Baba alifariki asubuhi moja ya jua kali. Mashuka ya kitanda chake yaliletwa chini pamoja na ya wengine, maana hospitali haina msiba. Msimamizi akatufuata, akatupa pole, akatuambia twende nyumbani. Shangazi alikataa. Alilifua shuka la kaka yake kwa mkono, akalianika, akalisubiri likauke akiwa amesimama kando ya kamba. Aliporudi ndani akanipa ncha mbili.

Kisha akaimba. Si wimbo wa maombolezo, ni ule wa kupiga mguu chini, sauti yote nje na madirisha wazi. Waliokuwa wanapiga pasi wakasimamisha pasi. Msimamizi alikimbia akamshika mabega, akidhani msiba umempindua akili.

"Dada, nyamaza. Umefiwa."

Machozi yalikuwa yakimdondoka shangazi kidevuni. "Kaka alinikataza kuimba naye anaumwa," alisema. "Haumwi tena."

Akavuta ncha zake, akaningoja niitikie.